Enchilada za Bi Casilda

Bi Casilda alipokufa, Otilia hakulia. Alivaa nyeusi kama inavyopasa, akawachemshia waombolezaji kahawa, akapokea pole za kila aliyepanda ngazi za kichochoro kuja kutoa pole. Lakini moyoni alikuwa kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani na shingo bado haijaamini.

Alikuwa ameishi na mama mkwe huyo tangu alipoolewa na Evaristo, katika nyumba ileile iliyojibana ubavuni mwa mlima, juu ya mgodi wa fedha wa mji wa Guanajuato. Miaka yote hiyo aliachiwa kupika kila kitu: maharagwe, wali, supu, hata nyama ya sikukuu. Isipokuwa enchilada, chapati zilizochovywa katika mchuzi wa pilipili. Ijumaa za Kwaresima, nyama ikiwa marufuku na nyumba nzima ikisubiri enchilada za jibini na viazi, Bi Casilda aliingia jikoni na kujifungia. Mlango wa jiko lile ulikatwa katikati, na yeye alifunga nusu ya chini, kama mtu anayezuia kuku. Otilia alibaki nje na mikono yake mitupu, akitazama kwa juu.

"We wa Bondeni," bibi alimwambia bila kugeuka, "kwenu mnajua kulima stroberi. Pilipili tuachie sisi."

Alimwita hivyo mpaka ulimi ulipomwishia nguvu. Wa Bondeni. Otilia alitoka nchi tambarare, chini huko kwenye mashamba, na machoni mwa Bi Casilda hicho kilikuwa kilema cha kuzaliwa nacho. Hakuna mwingine aliyemwita jina hilo, na bibi alipozikwa, nalo likanyamaza.

Januari iliyofuata, mtoto wao Efrén alimleta mke. Efrén alikuwa fundi kwenye kiwanda cha magari, alilala hukohuko katikati ya wiki na kurudi nyumbani Jumamosi. Walikuwa bado hawajapata pa kukaa, kwa hiyo mke, Yareli, akawekwa kwa wakwe. Alikuwa binti wa jiji la León, mwembamba, kucha zimepakwa rangi, mwepesi wa kucheka. Kupika hakujua. Nyama hakula, wala si kwa sababu ya dini: utotoni aliona nguruwe akichinjwa kwa mjomba wake, na tumbo likakataa tangu siku hiyo. Evaristo, ambaye mgodi ulimwachia mapafu yenye vumbi na ulimi usiotulia, alimtania mezani kwamba sasa nyumba imepata sungura.

"Sungura anazaa sana, baba," Yareli alimjibu. "We ngoja tu."

Otilia alimpenda kuanzia hapo. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, kulikuwa na mtu wa kucheka naye katika nyumba ile. Wali Yareli aliuunguza, maharagwe aliyatia chumvi mara mbili, na Otilia akawa anamwelekeza taratibu, mlango wa jikoni umefunguliwa wote, juu na chini.

Ijumaa ya kwanza baada ya Jumatano ya Majivu, Otilia alitoka kanisani karibu na saa sita mchana. Kichwani alikuwa anapanga chakula cha mchana, mayai na majani ya dungusi kakati. Alipofika kwenye kona ya kichochoro, alisikia harufu ya pilipili kavu zinazochomwa. Ni harufu inayoshika koo. Mtu yeyote katika nyumba yenye pilipili motoni atakohoa tu, atake asitake. Uani alimkuta Evaristo ameinama kwenye kiti chake, anakohoa mpaka machozi. Kutoka jikoni hakukuwa na kikohozi. Nusu ya chini ya mlango ilikuwa imefungwa.

Otilia alitazama kwa juu. Yareli alikuwa amesimama mbele ya jiko, amempa mgongo, katikati ya moshi. Alikuwa anagandamiza pilipili kwenye kaango kwa kiganja kitupu, anazigeuza, anazitupia kwenye maji ya moto. Kisha akasaga, akachuja, akaunga mchuzi mwekundu kwa kitunguu saumu. Akashika tortila, zile chapati nyembamba za mahindi, akaanza kuzichovya mojamoja mchuzini na kuzilaza kwenye mafuta. Kuna wanaokaanga kwanza ndipo wachovye. Bi Casilda alichovya kwanza, mafuta yakaruka na kupaka ukuta wekundu, na Otilia ndiye aliyeusugua ukuta huo kila Jumamosi ya Kwaresima.

Alimwuliza mkamwana nani amemfundisha. Yareli alichukua chumvi kutoka bakulini kwa kidole cha pete na kidole cha mwisho.

Otilia alivitazama vidole hivyo. Bi Casilda alivunjika kidole gumba na cha shahada kabla hata Evaristo hajazaliwa, vikakakamaa, na maisha yake yote alishika chumvi hivyo. Yareli vidole vyake vilikuwa vizima vyote.

Walikula. Otilia hatasahau chakula kile: tortila zimekunjwa juu ya jibini na kitunguu, viazi na karoti vimemwagwa juu vikiwa na wekundu uleule, letusi pembeni. Evaristo alitia kipande mdomoni akaacha kutafuna. Machozi yakamtoka, na safari hii hayakuwa ya kikohozi. Alikula mpaka sahani ikabaki nyeupe, akaiinua tena kuomba zaidi.

Yareli naye aliketi na kula kwa hamu ya kawaida, akasifu chakula, akamshukuru mama mkwe kwa kupika. Otilia alidhani ni mzaha, akacheka peke yake.

Mwanzoni Otilia alijipa sababu. Binti ana simu, kwenye simu kuna watu wanapika mchana kutwa. Vidole, labda Efrén aliwahi kumwigizia bibi yake, vijana wanapenda kuigiza wazee. Efrén aliporudi Jumamosi alimwuliza kwa mbali, na Efrén alisema hajawahi kumwambia mkewe habari za bibi zaidi ya kwamba alikuwa mkali.

Ijumaa ya pili, Otilia alikaa nyumbani makusudi. Asubuhi yote Yareli alikuwa anafua na kuimba zile nyimbo zake za redioni. Ilipokaribia saa sita wimbo ulikatika. Akaacha nguo kwenye beseni, mikono ikidondosha povu, akapita uani bila kumtazama mtu, akaingia jikoni na kufunga nusu ya mlango. Otilia alimfuata, akashika komeo kutaka kulifungua.

"Toa mkono wako hapo, we wa Bondeni."

Sauti ilikuwa ya Yareli, nyembamba ileile. Lakini maneno yaliburutwa kwa namna ya watu wa mgodini wa zamani, kama mtu anayevuta kiti kizito sakafuni. Otilia alitoa mkono.

Tangu hapo Ijumaa zikawa hivyo. Na Evaristo akaanza kubadilika. Alinyoa ndevu kila Ijumaa asubuhi, akavaa shati safi, akasogeza kigoda mpaka mlangoni pa jikoni na kukaa pale, magoti yamepanda kifuani, akiongea kwa sauti ya chini na mtu aliyekuwa ndani. Otilia akikaribia, alinyamaza. Alikuwa mtoto mdogo baba yake alipofukiwa mgodini, na mama yake alimlea peke yake kwa kuwapikia wachimbaji. Sasa uso wake mzee ulikuwa unarudi kule, ukilainika, ukawa uso wa mtu asiye na mke wala mtoto. Siku nyingine za wiki alikaa tu akingoja, hakutania tena, na chakula cha Otilia alikigusa kwa ncha ya uma.

Otilia alimwambia waziwazi kwamba kinachoingia jikoni si kizuri, na kwamba binti wa watu ataumia.

"Mimi nina mama yangu siku ya Ijumaa," Evaristo alimjibu. "Wewe una siku nyingine zote. Umekosa nini?"

Kuumia, Yareli alikuwa tayari anaumia. Jumamosi moja alimjia Otilia akiwa amekunja mikono kwapani. Alipoikunjua, ncha za vidole zilikuwa zimevimba malengelenge meupe, yamejaa maji. Ijumaa alikuwa amegeuza tortila ndani ya mafuta yanayochemka kwa vidole vitupu, kama alivyozoea kufanya yule ambaye ngozi yake ilikufa zamani, na wala hakushtuka. Maumivu yalikuja asubuhi yake, yote kwa pamoja.

Walikaa kwenye ukingo wa birika la maji, Otilia akimpaka dawa. Yareli hakuwa anacheka.

"Mama, niambie ukweli. Mimi nawafanyia nini Ijumaa?"

"We unakumbuka nini?"

"Nakumbuka kufua. Halafu nakumbuka nimeketi mezani nina uma mkononi. Hapo katikati hakuna kitu. Si kama kulala, maana ukilala unajua ulilala." Akatazama vidole vyake. "Kila wiki hapo katikati panaongezeka. Jana nilirudi jua likiwa limeshapita mnara wa kanisa. Naogopa siku moja sitarudi."

Otilia aliona bora amwondoe. Alimwambia Efrén kwamba mkewe ana homa ya kumkumbuka mama yake, na Ijumaa iliyofuata, asubuhi, akamsindikiza mwenyewe hadi kituo cha basi la León. Alimwona akipanda, akamwona dirishani akipunga mkono wenye bandeji, akaliona basi likipinda kona na kuzama kwenye barabara ya chini ya ardhi. Alirudi nyumbani kwa njia ya soko, akanunua samaki mkavu, amepumua.

Evaristo alikuwa mezani, amenyoa, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni.

"Anakuja," alisema.

Otilia akamwambia asijisumbue, Yareli hivi sasa anakula kwa mama yake. Aliingia jikoni na samaki wake, akafungua nusu zote mbili za mlango, akawasha moto. Halafu akatoka kuchota maji birikani. Ndoo haijajaa, akasikia nyuma yake komeo likigonga, na moshi wa pilipili ukampiga shingoni.

Yareli alikuwa jikoni. Nywele na nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine ulikuwa mtupu, unaacha alama nyekundu kwenye vigae kila alipohama kutoka kwenye jiko kwenda kwenye meza. Bandeji alikuwa amezitoa. Samaki alikuwa ametupwa nje, kwenye mawe ya ua, na paka walikuwa wanamnusa lakini hawamgusi. Mahali gani basi lilimwacha, au alilisimamisha vipi, hakuna aliyepata kujua. Yeye mwenyewe alikumbuka dirisha, na mkono wake ukipunga. Zaidi ya hapo, hakuna.

Jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, Otilia alikwenda kwa jirani wa ngazi ya chini, Bi Refugio. Huyu alikuwa rika la Bi Casilda, walianua nguo kamba moja tangu usichana. Ijumaa ya nyuma alikuwa amepita mlangoni kwao akielekea dukani, akanusa, akapiga ishara ya msalaba na kurudi alikotoka. Kwa hiyo Otilia hakuhitaji kueleza sana.

Bi Refugio alimsikiliza huku anachambua maharagwe. Mwishowe alisema padri atakuja, atanyunyiza maji, ataondoka, na Casilda atabaki palepale, maana Casilda hakuwahi kumsikiliza padri akiwa hai.

"Ulishawahi kumwona ameketi?" alimwuliza Otilia.

Otilia alifikiri. Alimwona Bi Casilda kitandani, akiwa mgonjwa. Alimwona amepiga magoti kanisani. Mezani, hapana. Wenzake walikula, yeye alikuwa mlangoni pa jikoni na mwiko. Baadaye alikwangua kilichobaki kwenye kaango, akala amesimama, uso umeelekea ukutani.

"Siku ya harusi yake mwenyewe alipika," Bi Refugio akasema. "Msiba wa mumewe, alipika yeye. Sisi tulikuja na sufuria zetu, akatufukuza. Alikuwa anaogopa, nadhani. Ukiwa mjane na huna kitu, unaogopa watagundua kwamba wanaweza kula bila wewe." Akapuliza makapi. "Sijui kama kuna mtu duniani aliyewahi kumwekea Casilda sahani mbele yake."

Otilia alirudi nyumbani polepole. Ijumaa iliyokuwa inakuja ilikuwa ya Mama wa Mateso, ambayo watu wa migodini wanaipenda kuliko zote. Wiki nzima kichochoro kilikuwa kinapambwa: karatasi za zambarau, machungwa, vyungu vya ngano changa, na madirishani picha ya Bikira na moyo wake uliochomwa visu. Otilia naye aliweka altare sebuleni. Lakini akili yake ilikuwa jikoni. Alikuwa hajawahi kupika enchilada hata moja. Alichojua alikijua kwa macho na pua, kutoka upande wa pili wa mlango.

Ijumaa ilipofika, alianza mapema, jua halijafika uani. Alichemsha viazi na karoti, akavikata vipande. Alimenya vitunguu. Alichoma pilipili akakohoa kama mtu yeyote. Mlango wa jikoni aliuacha wazi wote, akaweka kiti, kimoja tu, mbele ya meza ya kukatia, akatandika kitambaa, akaweka sahani nzuri ya maua ya buluu. Nje watu walikuwa wanapita na mashada, watoto wanapuliza vipenga. Yareli alikuwa chumbani, amejifungia mwenyewe, ufunguo ameusukuma nje chini ya mlango kama walivyokubaliana. Ufunguo huo ulikuwa mfukoni mwa Otilia.

Ilipokaribia saa sita, vipenga vya nje vilisikika kwa mbali ghafla, kama vimeshuka kisimani. Mafuta kwenye kaango, yaliyokuwa yanaruka, yalinyamaza. Moto ulikuwa unawaka vilevile. Otilia alihisi mtu nyuma yake na hakugeuka.

"Toka hapo, we wa Bondeni."

"Sitoki."

"Nimesema toka kwenye jiko langu. Utaunguza."

"Nitaunguza, basi mtakula zilizoungua," Otilia alisema. "Keti, mama. Kiti hicho hapo. Leo unapikiwa."

Baridi ilipanda kutoka kwenye vigae mpaka magotini, baridi yenye harufu ya mawe yenye maji, ambayo wake za wachimbaji huijua kwenye nguo za waume zao. Mkono ulipita ubavuni pake kuufuata mwiko. Otilia alikaza vidole juu ya mwiko, na kwa muda wakaushika wote wawili, mkono wake mnene na ule mkono mwembamba wenye rangi ya kucha iliyobanduka. Ulikuwa na nguvu za ajabu. Mfupa wa kiwiko cha Otilia ulilia.

Evaristo alikuwa ameshafika mlangoni na shati lake jeupe. Alimwamuru mkewe ampishe mama. Aliposema hivyo alikuwa analia, kamasi zinamtoka kama mtoto.

"Evaristo," Otilia alisema bila kuachia mwiko, "hebu niambie, mama yako alipenda jibini nyingi au kidogo?"

Evaristo akafungua mdomo.

"Viazi vilainike au vibaki vigumu? Letusi alikula? Wewe ni mtoto wake wa pekee. Niambie."

Hakujua. Alisimama pale anatazama mgongo wa binti yule, midomo inachezacheza. Otilia aliona kwa pembe ya jicho kichwa cha Yareli kikigeuka taratibu kumtazama mzee, kikakaa hivyo muda mrefu. Halafu mwiko ukawa mwepesi. Nyuma yake kiti kilivutwa, mtu akaketi kwa kuguna, kwa awamu, kiuno kwanza kisha magoti, kama wanavyoketi watu wazima sana. Mafuta yakaanza kuruka tena.

Otilia alichovya, akakaanga. Ya kwanza ilichanika, akaiweka kando. Alijaza jibini na kitunguu, akakunja, akapanga, akamwaga viazi na karoti juu. Chumvi alishika kwa gumba na shahada, kama walivyomfundisha kwao. Aligeuka, akaweka sahani mezani.

Macho yaliyomtazama yalikuwa ya Yareli, kahawia, lakini hayakupepesa. Binti alishika uma. Alikula polepole, taya likizunguka kwa namna ya mtu asiye na meno ya nyuma. Hakuna aliyesogea. Alikula zote, akafuta mchuzi kwa kipande cha tortila, akala nacho.

"Kitunguu kingi," ilisema sauti.

"Ndivyo tunavyopika bondeni," Otilia alijibu.

Kitu kilipita kwenye ule uso, na Otilia hakuweza kusema kama ni kicheko au dharau. Mkono ukasukuma sahani mbele kidogo, kama anavyofanya aliyeshiba. Kisha kichwa kikainama mpaka kidevu kikagusa kifua, na kilipoinuka tena kilikuwa kinalia kwa sauti ya Yareli, kwamba vidole vinamuuma, na nani amemtoa chumbani. Otilia aliingiza mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwemo.

Evaristo hakumshukuru. Alimtazama mkewe kama mtu aliyemkuta mwizi chumbani, akamwambia amemfukuza mama yake kwenye nyumba yake mwenyewe, akatoka na kupotelea kwenye watu wenye maua. Alirudi saa za chakula cha usiku akaenda kulala kwenye kitanda cha marehemu. Pasaka yote hakusema na Otilia. Aliongea na ukuta, aliongea na paka. Ijumaa Kuu alikaa mlangoni pa jikoni tangu asubuhi na shati lake, na hakuna aliyekuja. Otilia hakumdhihaki. Alimwekea enchilada pembeni ya kigoda, na zikapoa pale.

Efrén alipata chumba karibu na kiwanda, akamchukua mkewe. Vidole vilipona, isipokuwa viwili ambavyo ncha zake zilibaki laini, hazina mistari, kama za mtoto mchanga. Yareli aliagana na mama mkwe kwa kumkumbatia muda mrefu pale kwenye ngazi. Alikuwa mchangamfu karibu kama zamani. Lakini alikuwa anakuja kuwatembelea Jumapili tu, na jikoni hakukanyaga.

Mwaka ukageuka. Evaristo alianza kwa kuomba chumvi, akaja kuomba kahawa, na mvua zilipoanza wakawa wanaongea tena, si sana, kama watu waliopoteza mtoto. Siku moja alikula enchilada za Otilia. Alisema si kama zile, Otilia akasema si kama zile, na mzee akaomba nyingine.

Kwaresima nyingine ilipoingia, Ijumaa moja asubuhi, mwanamke ambaye Otilia hakumjua aligonga mlango. Alikuwa wa kichochoro cha juu, karibu na mlango wa mgodi wa zamani, shali ameizungusha mpaka puani. Alikuwa ameshika sufuria tupu kwa mikono miwili. Alisema ameelekezwa na Bi Refugio. Alisimama akitafuta maneno, akaishia kusema kwamba jikoni kwake kuna mtu amesimama tangu Krismasi, marehemu shemeji yake, na watoto hawataki tena kulala ndani.

Evaristo alikuwa uani, akasikia. Alikwenda akafunua kapu la pilipili kavu, akachagua nzurinzuri, akazifunga kwenye kitambaa na kumpa mkewe.

Otilia alichukua aproni kwenye msumari.

"Huyo shemeji," alimwuliza yule mwanamke wakianza kupanda ngazi, "alikuwa anapenda jibini, au viazi vitupu?"

Mwanamke alisimama. Alifikiri, akafikiri, na Otilia, aliyekuwa ngazi moja juu yake, akamngojea.